Wasiwasi, Mawazo na Buloji: Kumtafuta Mganga Kutoka Kasaji

Neno wasiwasi limesafiri mbali kuliko maana yake. Katika Kiarabu asili yake ni mnong'ono, na sura ya mwisho ya Kurani inamtaja huyo mnong'onezaji anayetia maneno katika vifua vya watu. Wanachuoni wa Kiislamu walilitumia neno hilo kwa hali iliyo bayana sana: mtu ametia udhu, anajua ametia udhu, lakini anarudi birikani kuosha tena mkono uliokwisha kuoshwa, amefunga sala, anaivunja, anaianza upya kwa kuwa hana hakika na nia yake. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliiweka hali hiyo miongoni mwa maradhi ya nafsi, pamoja na hasira, hofu na huzuni, akamshauri mgonjwa asikae peke yake. Kwa hiyo lugha ya pwani ilipokea, pamoja na dini, jina kamili la ugonjwa ambao madaktari wa Ulaya walianza kuueleza kwa makini katika karne ya 19.

Bara mambo yalikuwa mengine. Kiswahili kilifika Katanga kwa misafara iliyotoka upande wa Tabora na kuungana na milki ya Msiri huko Bunkeya. Baadaye kikaenezwa na reli, misheni na kambi za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Katika safari hiyo neno lilifika bila birika la udhu. Wasiwasi wa Kolwezi ni hofu tu, kama ya mtu ambaye mshahara wake haujatoka. Maana ile ya shaka inayojirudia, inayomlazimisha mtu kutenda jambo lilelile mara kumi huku akijua ni bure, ilibaki pwani. Hasara hiyo si ya kamusi peke yake. Mgonjwa asiye na jina la ugonjwa wake hajui amwendee nani.

Ugonjwa wenyewe madaktari wanaosema Kifaransa huuita kwa herufi tatu, TOC. Una pande mbili: wazo linaloingia bila kualikwa na kukataa kuondoka, na kitendo kinachofanywa ili kulituliza, kama vile kuosha, kuhesabu, kukagua mlango au kuuliza swali lilelile. Mwaka 1838 daktari Esquirol wa Paris alimweleza Bibi F., aliyekuwa akifanya kazi ya biashara. Bibi huyo aliogopa kwamba akitoka nyumba ya watu angechukua kitu cha thamani mfukoni bila kujua, na akiandika hesabu angekosea na kumdhulumu mtu. Alisugua mikono na kukung'uta nguo kwa muda mrefu. Jambo lililomshangaza Esquirol ni kwamba mgonjwa alikuwa na akili timamu, na yeye mwenyewe aliiona hofu yake kuwa upuuzi. Mwaka 1903 Pierre Janet alitoa kitabu kikubwa juu ya wagonjwa wa namna hiyo. Hapo ndipo ugumu ulipo: mgonjwa si mwenda wazimu, wala hasemi kwamba sauti inamtuma. Anasema: wazo hili ni langu, nalichukia, nalo haliniachi.

Kasaji ni mji wa reli, katika eneo la Dilolo, zaidi ya kilomita 200 magharibi ya Kolwezi. Njia ya Tenke hadi Dilolo ilikamilika mwaka 1931 na kuunganishwa na ile ya Benguela inayofika bahari ya Atlantiki huko Lobito. Wenyeji wengi ni Walunda na Wachokwe. Kiswahili ni lugha ya stesheni, ya soko na ya wageni. Kwa hiyo anayeugua Kasaji hulia kwa lugha moja na kutafuta dawa kwa nyingine, na akifika hospitali kubwa huandikwa kwa ya tatu.

Juu ya namna ya kale ya kumtafuta mganga katika sehemu hizo kuna ushuhuda mzuri. Victor Turner aliishi kati ya Wandembu, tawi la Walunda, katika wilaya ya Mwinilunga iliyo ng'ambo ya mpaka, kati ya mwaka 1950 na 1954. Maandishi yake juu ya uaguzi (1961) na juu ya ngoma za tiba (1968) yanaonyesha kwamba kumtafuta mganga hakukuwa kazi ya mgonjwa. Jamaa zake ndio waliofunga safari, mara nyingi bila yeye, kwenda kwa mwaguzi wa mbali asiyejua magomvi ya kijiji chao. Mwaguzi huyo, ambaye Wachokwe humwita tahi, alipepeta kapu la ng'ombu lililojaa vitu vidogo vya mti, mfupa na mbegu, akasoma vile vilivyopanda juu. Wateja walimjaribu kwa majibu ya uongo. Ilikuwa juu yake kugundua nani anaumwa, ana udugu gani nao, na nani anamtakia mabaya.

Katika kapu hilo kuna sanamu moja inayostahili kuangaliwa. Huitwa Chamutang'a: mtu aliyejikunyata, viwiko juu ya magoti, kidevu juu ya viganja. Wandembu walimweleza Turner kwamba ni mtu asiye na msimamo, asiyekata shauri, ambaye wenzake hawajui wamchukuliaje. Haifai kusema kwamba hiyo ndiyo picha ya ugonjwa wa Esquirol. Sanamu inataja tabia, haitaji maradhi. Lakini ni jambo la kuzingatia kwamba wachongaji wa kapu hilo waliona shaka kuwa na umbo la mwili, tena mwili uliojifunga wenyewe.

Baada ya kapu ndipo alipoitwa chimbuki, yaani mtaalamu wa ngoma husika. Neno kuu katika kazi yake, kwa mujibu wa Turner, ni kusolola: kufichua, kuleta jambo mbele ya macho. Katika insha yake ya mwaka 1964 Turner alimfuata mganga mmoja aliyemtibu mtu mwenye mapigo ya moyo ya haraka, maumivu mwilini na dhana kwamba watu wanamsema. Kijiji kizima kilikusanywa, na kinyongo cha kila mmoja kikasemwa hadharani. Turner aliona kwamba tiba ilikuwa ya kijiji kama ilivyokuwa ya mgonjwa, na hukumu hiyo inaonekana kuwa sahihi.

Swali ni kama tiba ya namna hiyo ilimfaa mgonjwa wa mawazo yanayorudi. Yeye hafichi kinyongo. Anachoficha ni wazo, na mara nyingi wazo hilo ni la kutisha: kwamba atamkata mtoto wake kwa kisu, kwamba atatukana ibadani, kwamba amemtia mtu sumu bila kujua. Kila anayetibu ugonjwa huu leo anajua kwamba mawazo kama hayo ni ya kawaida ndani yake, na kwamba mgonjwa anayateswa kwa sababu hayapatani kabisa na matakwa yake. Lakini mahali ambapo buloji huanza moyoni, ambapo kumtakia mtu kifo ni nusu ya kumwua, kulisema wazo hilo ni kukiri. Mama anayemwambia shangazi kwamba fikira ya kumwua mtoto inamjia kila akishika kisu hajaomba dawa, amejishtaki. Mtoto akipata homa wiki ile, kesi imekwisha. Ndiyo maana kusolola, kulikowaponya wengi, kwa mgonjwa huyu kulikuwa mlango wa hatari, na ukimya wake haukuwa ujinga.

Misheni hazikuufungua mlango huo. Hospitali ya Kalene Hill, iliyoanzishwa na daktari Walter Fisher mwaka 1906 karibu na mahali ambapo mipaka ya Kongo, Angola na Zambia inakutana, iliponya vidonda na macho na kuzalisha akina mama. Maradhi ya nafsi yaliachiwa sala. Kanisa Katoliki kwa upande wake lilikuwa na elimu ya zamani juu ya dhamiri inayojitesa, kwani Ignatius wa Loyola mwenyewe aliugua hivyo, na Alphonsus Liguori aliwaelekeza mapadre wasimruhusu mtu wa namna hiyo kurudiarudia maungamo. Shauri hilo liko karibu sana na tiba ya leo.

Mahali pengine ambapo mfanyakazi wa Lualaba aliweza kusema mawazo yake kwa Kiswahili palitokea Kolwezi kuanzia mwaka 1953, padre Placide Tempels alipohamia huko na kuanza kukutana na wachimbaji na wake zao. Kutokana na mikutano hiyo ikazaliwa Jamaa, ambayo Johannes Fabian aliichunguza katika miaka ya 1960 na kuitolea kitabu mwaka 1971. Maneno yake makuu yalikuwa uzima, uzazi na mapendo, na neno mawazo lilipata humo heshima ambalo halikuwa nayo kabla. Mtu aliongozwa na baba na mama wa kiroho, akawaeleza yaliyo ndani yake, hata ndoto zake. Jamaa haikuwa hospitali, na si haki kuipa sifa hiyo. Lakini nje ya mikutano yake, mtaani, kusema kwamba fulani «iko na mawazo mingi» kuliendelea kumaanisha shida za maisha tu: deni, kifo, ndoa. Kwa mara ya pili Kiswahili kilikuwa na neno, na kwa mara ya pili neno likapanuka hata likashindwa kumtenga mgonjwa huyu na mtu aliyechoka.

Mageuzi ya elimu ya juu ya mwaka 1971 yaliongeza umbali. Vyuo vikuu vitatu vilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kitivo cha saikolojia kilipelekwa Kisangani, na kitivo cha fasihi na lugha kikakaa Lubumbashi. Kwa miaka 10, hadi chuo hicho kilipogawanywa tena mwaka 1981, waliochunguza Kiswahili cha Katanga walikaa mji mmoja, na waliojifunza kuchunguza nafsi walikaa mji mwingine, mbali sana na kambi za wachimbaji. Mtu anaweza kuliita jambo hilo ajali ya utawala. Hata hivyo, linasaidia kueleza kwa nini maswali ya kumpima mgonjwa yaliendelea kutungwa kwa Kifaransa na kufasiriwa papo hapo na muuguzi, kila mmoja kwa namna yake. Wakati huohuo vita vilipita juu ya Kasaji: Machi 1977 wapiganaji waliotoka Angola waliuteka mji huo pamoja na miji mingine ya reli, na Mei 1978 wakaingia Kolwezi. Baada ya hapo aliyesema analala kwa hofu hakuulizwa hofu ya nini.

Leo anayetoka Kasaji kutafuta tabibu wa nafsi hupita Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu mwaka 2015, kisha husafiri takriban kilomita 300 zaidi hadi Lubumbashi, ambako Mabradha wa Upendo wana kituo chenye jina la Joseph Guislain, daktari wa Ghent wa karne ya 19. Wengi hawafiki huko, kwani njiani kuna vyumba vya maombi, na humo wazo baya huitwa pepo na kukemewa. Wengine huishia kwa munganga. Neno hilo katika Kiswahili cha Katanga linamtaja daktari wa hospitali na mganga wa miti pia, ukarimu ambao mgonjwa hulipia nauli.

Tiba ipo. Mwaka 1966 Victor Meyer alieleza, huko London, namna ya kumweka mgonjwa mbele ya jambo analoliogopa na kumsaidia asifanye kile kitendo cha kujituliza, mpaka hofu ipungue yenyewe. Dawa ya klomipramini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huuhuu. Njia ya Meyer haihitaji mashine. Inahitaji mazungumzo, muda, na jamaa wanaokubali kutomjibu mgonjwa anapouliza kwa mara ya ishirini kama mlango umefungwa. Katika jambo hilo la mwisho Kasaji haiko nyuma. John Janzen, aliyechunguza safari za tiba kati ya Wakongo wa magharibi na kutoa kitabu mwaka 1978, alionyesha kwamba kundi la jamaa ndilo linaloamua mgonjwa aende wapi, abaki wapi na lini aondolewe. Kundi hilohilo lililotumwa zamani kwa tahi linaweza kuketi na tabibu na kufundishwa kunyamaza.

Linalosalia ni swali la kwanza, lile linaloulizwa mlangoni. «Uko na mawazo mingi?» halitoshi, kwa maana kila mtu Kolwezi atajibu ndiyo. «Unasikia sauti?» litajibiwa hapana, na mgonjwa atarudishwa nyumbani. Swali linalofaa ni refu zaidi, na muuguzi lazima aliulize wakati shangazi yuko nje: «Unajua kama ile wazo haina maana, na unashindwa kuiacha?»