Barabara ya Riyadh na Jeddah, na Sauti Tulizosafiri Nazo

Kamati imeniomba niandike machache juu ya historia ya safari zetu za barabarani, hasa hii ya baina ya Riyadh na Jeddah, ambayo wengi wetu tumeipita mara zisizohesabika. Nimekubali kwa furaha, kwani ndani ya historia hiyo mna amana ambayo isipohifadhiwa mapema itapotea.

Barabara yenyewe si ya kale. Mwishoni mwa mwaka 1924 Abdulaziz, wakati huo akiwa Sultani wa Najd, alipotoka Riyadh kwenda Makka kwa msafara wa ngamia, alikaa njiani majuma matatu na zaidi. Mwaka 1965 ilifunguliwa barabara ya Al-Hada, ile inayoshuka kwa kona kali kutoka milima ya Taif kuelekea Makka. Siku hizi kilomita zipatazo 950 za kutoka Riyadh hadi Jeddah hutuchukua saa tisa au kumi, pamoja na kusimama kwa sala na chakula.

Sisi tuliozaliwa Mombasa tulikuwa na kipimo kingine cha safari. Kwenda Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi, ilikuwa shughuli ya kutwa. Nyali tulivuka kwa daraja la kuelea, maana daraja la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Kilifi tulipanga foleni kungojea feri, na feri hiyo iliendelea kuvusha watu hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Katika foleni ile tulinunua korosho na madafu, na wazee wakaulizana habari za watu wa Takaungu na Mambrui. Aliyepotea njia aliuliza, kwani kuuliza si ujinga. Na kwa kuwa hapakuwa na simu, hakuna aliyejua saa tutakayofika. Tulipobisha hodi ndipo chungu kilipobandikwa tena jikoni.

Nilihamia Riyadh mwaka 1992 kuendelea na kazi ya ofisi za serikali, niliyoifanya nyumbani na ugenini hadi kustaafu. Wakati huo simu ya kwenda Mombasa ilikuwa ghali na barua zilichelewa. Kaseti, chombo kilichotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ndiyo iliyokuwa barua yetu. Jamaa walikaa sebuleni wakazungumza ndani ya kaseti tupu, kisha wakampa msafiri anayekuja Umra. Zilipotufikia Riyadh hatukuzisikiliza siku ile ile. Tuliziweka kwa safari ya Jeddah, tukazisikiliza sote pamoja katika redio ya gari.

Wale waliokuwa watoto wakati huo watakumbuka. Nyanya yetu alianza daima kwa kumtaja kila mtu kwa jina, akifuata umri, kutoka mkubwa hadi mchanga wa mwisho. Nyuma ya sauti yake mlisikika majogoo, adhana ya mtaani, na vikombe vya muuza kahawa vikigongana. Watoto waliozaliwa Riyadh walinyamaza kimya wakingojea majina yao. Tulipopita Al-Quwaiyah alikuwa bado kwa wajukuu wa Lamu. Tulipokaribia Dhalm amekwisha kueleza nani kaolewa na nani kafariki. Kwa njia hiyo watoto wale waliujua ukoo wao kwa mpangilio, ingawa hawakuwahi kuiona Mombasa.

Hata hivyo, si haki kuzisifu siku zile kupita kiasi. Mwaka 1994 tulipata habari kwamba ami yetu wa Jeddah ni mgonjwa, tukaondoka Riyadh usiku ule ule. Alifariki alfajiri, sisi tukiwa jangwani, wala hapakuwa na njia ya kutuarifu. Tulipofika Taif tukapiga simu kutoka kabini ya kituo cha mafuta, ndipo tukaambiwa kwamba atazikwa baada ya Adhuhuri. Tulipoingia Jeddah, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Anayelalamika leo juu ya simu za mkononi na aikumbuke siku hiyo.

Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Katikati ya miaka ya 1990 simu za mkononi zilianza kuenea nchini humu. Mwaka 2000 Marekani iliacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa ishara za setilaiti zake kwa raia, na ndipo vyombo vya kuonyesha njia vikawa vya kutegemewa. Mwaka 2010 zikaja kamera za Saher kunasa wanaokwenda kasi, na wengi wetu tukajifunza upole tusioufundishwa na wazee. Juni 2018 wanawake waliruhusiwa kuendesha gari. Sasa binti zetu hushika usukani na baba zao husinzia. Simu hutuonyesha njia na saa ya kufika, na wenyeji wa Jeddah huifuata safari yetu dakika kwa dakika.

Faida hizo ni kubwa. Lakini redio ya gari ilikuwa moja, na ilitulazimisha kusikia jambo moja kwa pamoja. Leo kila mtoto ameziba masikio kwa sauti yake mwenyewe. Ujumbe wa sauti kutoka Mombasa hufika kwa mtu mmoja, husikilizwa upesi, na simu ikibadilishwa mara nyingi hupotea.

Kwa hiyo nina ombi. Kaseti za nyanya na za wazee wengine zimo bado katika masanduku yetu, Riyadh, Jeddah, Muscat, London na Toronto. Joto na unyevu huharibu ukanda, na magari mapya hayana tena mahali pa kuzitia. Tafadhali kila nyumba izitafute, izipeleke kunakiliwa na mtu anayeijua kazi hiyo, na iandike jina la msemaji na mwaka kabla sisi tunaozitambua sauti hizo hatujaondoka. Nakala zipelekwe kwa kamati ili kila tawi la ukoo lipate zake.

Na vijana, mtakapoondoka tena Riyadh kwenda Jeddah, vueni vya masikioni walau hadi Dhalm, mkafungue sauti ya nyanya kwa gari zima. Wengi wenu mtasikia majina ya baba zenu yakitajwa, kila mmoja mahali pake.

Wasalaam.