Kundi la kuku likikua: namna ya kugawa mabanda uani, Shanwe

Mfugaji wa Kata ya Shanwe, Manispaa ya Mpanda, mwenye mitetea watano na jogoo mmoja huhitaji banda dogo tu la kuwalaza kuku wake usiku. Mitetea hao wakiatamia kwa wakati mmoja, na kila mmoja akaangua vifaranga kumi, baada ya siku 21 uani huwa na kuku 56. Wengi hupanua banda lile lile. Hapo ndipo hasara huanzia, kwa kuwa tatizo si nafasi peke yake, bali ni umri.

Kuku mkubwa aweza kubeba vimelea vya kuhara damu au minyoo bila kuonesha dalili yoyote. Kifaranga anayedonoa sakafu ile ile hana kinga hiyo, naye hufa. Kwa sababu hiyo, kundi linalokua hugawanywa sehemu tatu: vifaranga hadi wiki 8, kuku wanaokua, na kuku wakubwa wanaotaga. Iwapo kiwanja ni kidogo, ukuta kamili wenye mlango wake hufaa, mradi kinyesi na maji ya banda moja visitiririke kuelekea jingine.

Kwa kuku wakubwa wa asili, mita moja ya mraba hutosha kuku 5 hadi 8. Katika joto la Septemba na Oktoba ni busara kushika kiwango cha chini: banda la mita 3 kwa 2 lilaze kuku 30, wala si 48. Kila mitetea watano wapatiwe kiota kimoja chenye giza kiasi, na vichanja vya kulalia viwe mbali na viota, la sivyo mayai yatachafuka.

Vifaranga huhitaji kinengunengu chenye joto la takribani nyuzi 35 katika wiki ya kwanza, likipunguzwa nyuzi 3 hivi kila wiki. Asiye na kipimajoto awatazame: wakirundikana, wanahisi baridi, wakikimbia chanzo cha joto na kutweta, limezidi. Usiku wa Juni na Julai wengi hutumia mkaa, na tahadhari hapa ni kubwa, kwa kuwa hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua vifaranga, na huua pia mtu aliyelala humo.

Ujenzi wenyewe hauhitaji gharama kubwa. Tofali za udongo, miti na nyasi hutosha. Urefu wa banda ulale kutoka mashariki hadi magharibi ili jua lisiingie moja kwa moja. Sakafu iinuliwe kabla ya mvua za Novemba, na madirisha yazibwe kwa wavu wenye matundu madogo, kwani kicheche hupenya penye upenyo mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Pumba za mpunga kutoka mashineni ni matandazo mazuri zikiwa kavu. Zikilowa, zitolewe siku hiyo hiyo.

Banda la nne ndilo hupuuzwa zaidi, nalo ni la wageni. Kuku aliyenunuliwa sokoni au aliyeletwa kama zawadi akae peke yake siku zisizopungua 14. Mdondo, yaani kideri, hauna tiba, na waweza kumaliza kundi zima ambalo familia ililitegemea kwa ada ya shule. Kinga yake ni chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania: tone moja katika jicho moja, kwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Kwa kuwa kichupa kimoja huchanja kuku wengi, majirani waweza kuchangia gharama na kuchanja siku moja kwa ushauri wa afisa mifugo wa kata.

Kazi ya asubuhi ianzie kwa vifaranga, ifuate kwa wanaokua, kisha wakubwa, na wageni au wagonjwa wawe wa mwisho. Kila banda liwe na vyombo vyake vya maji na ufagio wake.