Gomes: Mfaransa aliyeitikisa Afrika akiwa Msimbazi

DIDIER Gomes Da Rosa alitua Simba Januari 2021 akirithi mikoba ya Mbelgiji Sven Vandenbroeck, aliyetimkia Morocco. Alidumu miezi tisa tu, lakini jina la Mfaransa huyo lilitawala vijiwe vya soka kuanzia Mwenge hadi Temeke.

Mchezaji huyo wa zamani hakuwa mgeni Afrika. Mwaka 2013 aliipa Rayon Sports ubingwa wa Rwanda, kisha akafundisha Coton Sport ya Cameroon na Horoya ya Guinea. Alitokea El Merreikh ya Sudan, timu ambayo wiki chache baadaye alikutana nayo akiwa upande wa Simba.

Umaarufu wake ulijengwa na Ligi ya Mabingwa Afrika. Februari 12 Wekundu wa Msimbazi waliichapa AS Vita bao 1-0 mjini Kinshasa, kwa penalti ya Chris Mugalu. Siku 11 baadaye ikaja Al Ahly, bingwa mtetezi aliyekuwa ametoka kushika nafasi ya tatu katika Klabu Bingwa ya Dunia. Shuti la Luis Miquissone likatosha kuizamisha kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Vita nayo ilipokuja Dar es Salaam ilipigwa 4-1, na Simba ikaongoza kundi kwa pointi 13. Kocha wa kigeni akiwafunga Waarabu, mashabiki humsamehe mengi.

Robo fainali ilikuwa chungu: kipigo cha 4-0 kutoka kwa Kaizer Chiefs Afrika Kusini, kisha ushindi wa 3-0 nyumbani ambao haukutosha.

Nyumbani alitwaa ubingwa wa ligi, wa nne mfululizo kwa klabu hiyo. Julai 3 alifungwa 1-0 na Yanga, akalipiza Julai 25 mjini Kigoma katika fainali ya Kombe la Shirikisho, bao la Taddeo Lwanga.

Kilichomwangusha kilianzia kwenye makaratasi. Msimu mpya ulipoanza, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilisisitiza kanuni za leseni za makocha, na Gomes hakuwa na ya daraja lililotakiwa. Simba ikamwajiri Hitimana Thierry, aliyewahi kuinoa Namungo, ili aongoze benchi katika mechi za CAF huku Mfaransa huyo akitazama kutoka jukwaani.

Oktoba 24, 2021, Simba iliyoshinda 2-0 Botswana ililala 3-1 kwa Jwaneng Galaxy katika uwanja uleule ilikoiangusha Al Ahly, na kutolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Siku mbili baadaye Gomes aliachia ngazi, na nafasi yake ikachukuliwa na Mhispania Pablo Franco.

Gomes hakukaa bila kazi. Alichukua timu ya taifa ya Mauritania, akaipeleka Fainali za Mataifa ya Afrika nchini Cameroon Januari 2022, ikapoteza mechi zote tatu bila kufunga bao.