Aliyekuwepo Jina Lilipotolewa

Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipotaka lugha moja ya kuandikia programu zake, iliiita Ada, kwa heshima ya Ada Lovelace, Mwingereza aliyechapisha mwaka 1843 maelezo ya namna mashine ya Charles Babbage ingeweza kukokotoa. Haikuishia hapo. Kiwango rasmi cha lugha hiyo kilipewa namba 1815, mwaka aliozaliwa bibi huyo, kikaidhinishwa tarehe 10 Desemba 1980, siku yake ya kuzaliwa. Ni desturi ile ile ya mjukuu kurithi jina la bibi, ila hapa imepita mikononi mwa makarani, na makarani hawasahau tarehe. Niklaus Wirth wa Zurich naye alikwishamuenzi Mfaransa Blaise Pascal kwa njia hiyo mwaka 1970.

Mtu akiwa peke yake hana kamati ya kuiridhisha. Guido van Rossum alianza kuandika Python huko Amsterdam Desemba 1989, apate la kufanya likizo ya Krismasi. Nembo ya nyoka wawili huwafanya wengi wadhani ni chatu, kumbe jina lilitokana na Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Kule Japani, mwaka 1993, Yukihiro Matsumoto alitaka lugha yake isikae mbali na lugha ya Perl, ambayo jina lake husikika kama neno la Kiingereza la lulu, akaichagulia kito kingine: Ruby, yakuti. Huu ni utani hasa, wa Mnyamwezi na Mzaramo. Humtanii usiyemheshimu, na Matsumoto alichota mengi kwa Perl.

Lugha ya Java ilizaliwa vingine. Kule kwenye kampuni ya Sun Microsystems iliitwa kwanza Oak, kwa ajili ya mti uliokuwa nje ya ofisi ya mbunifu wake, James Gosling, lakini jina hilo lilikuwa na mwenyewe kibiashara. Wakaketi upya, wanasheria wakachuja, na mwaka 1995 ikatoka Java ikiwa na nembo ya kikombe cha kahawa ya moto. Kisiwa chenyewe cha Java, ambako Waholanzi waliwalazimisha wakulima kulima kahawa, hakionekani popote kwenye kikombe hicho. Jina lililopita kwa wanasheria huwa salama, na huwa halimdai mtu kitu.

Jina la Ushahidi halikupita huko. Januari 2008, Kenya ikiungua baada ya uchaguzi, Ory Okolloh na wenzake waliunda jukwaa la kupokea taarifa za vurugu kutoka kwa raia na kuzionyesha kwenye ramani. Jina halimuenzi mtu wala halimtanii. Linamwambia anayetuma taarifa kazi anayoifanya, na uzito wake. Mwaka 2010, baada ya tetemeko la ardhi, jukwaa hilo lilitumika Haiti, ambako neno lenyewe lilikuwa sauti tupu, kama Java ilivyo kwetu.