Haki ya Askari na Njia ya Rufani: Tangu Wapagazi wa Kariakoo Hata Leo



Baada ya hesabu za mwaka na habari za misaada, twaweka hapa sura ya historia. Tumechagua jambo liwahusulo wengi miongoni mwetu, kwa kuwa hapana mtaa wa bara hizi zetu usio na nyumba iliyotoa askari. Likoni iko kambi ya wanamaji ya Mtongwe. Upande wa Kisauni iko kambi ya Nyali. Mtu akirudi kutoka jeshini na mguu mbovu, au asiporudi kabisa, swali moja hubaki nyumbani: ni nini haki yake, na akinyimwa, aende wapi? Twataka kuonyesha kwamba malipo yasiyo na njia ya rufani hugeuka kuwa sadaka, ambayo mtoaji hutoa apendapo na hunyima apendapo.

Tuanze na vita vya 1914 hata 1918. Kilindini ndiko zilikoshuka silaha na majeshi kutoka ng'ambo, na reli ikayachukua kwenda Voi na mbele yake. Lakini mahali reli ilipokoma, mzigo ulipanda kichwani mwa mtu. Jeshi la wapagazi, ambalo kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps, watu wetu waliliita Kariakoo, na jina hilo limebaki katika mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi. Sheria ya 1915 iliwapa watawala nguvu ya kuwachukua watu bila hiari yao. Vifo vilivyoandikwa vya wapagazi vilipita 40,000, na wanahistoria wengi wasema hesabu ya kweli ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa, njaa na uchovu.

Sasa angalieni jinsi haki ilivyopotea. Mpagazi alipokufa alikuwa na mshahara ambao bado hajaupokea, na mshahara huo ulikuwa mali ya warithi wake. Lakini majina mengi yaliandikwa vibaya na makarani wasiojua lugha za watu. Kijiji kiliandikwa kwa jina lisilojulikana, au baba hakutajwa. Warithi hawakupatikana, na wengine hawakuambiwa kwamba kuna kitu cha kudai. Bwana Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo la wapagazi, alishikilia kwa miaka mingi kwamba fedha hizo ziwafae watu waliozitolea jasho, lakini Serikali ya London haikukubali. Katika mji wetu na Nairobi na Dar es Salaam zikajengwa sanamu za shaba za kuwasifu askari na wapagazi. Sanamu ni heshima, wala hatuikatai. Lakini mjane hawezi kupeleka sanamu sokoni.

Vita vya pili vilipokuja, mwaka 1939, Waingereza kwao walikuwa wamejifunza jambo. Mwaka 1943 Bunge lao lilipitisha sheria ya mabaraza ya rufani za pensheni. Kabla ya hapo, Waziri wa Pensheni akisema «hapana», askari wa vita hivyo hakuwa na baraza la kumsikiliza. Baada ya sheria ile, aliyekataliwa aliweza kufika mbele ya watu watatu wasio watumishi wa Waziri. Rufani ya haki ya pensheni ilisikizwa na mwanasheria, daktari, na mtu aliyewahi kutumika jeshini. Asiporidhika na jinsi walivyoifasiri sheria, aliweza kuomba ruhusa ya kwenda kwa jaji wa Mahakama Kuu.

Mwaka huohuo kanuni ziligeuza na mzigo wa ushahidi. Zamani askari ndiye aliyepaswa kuthibitisha kwamba ugonjwa wake ulitokana na utumishi. Sasa, ikiwa aliingia jeshini mzima akatoka mgonjwa, ni Waziri aliyepaswa kuonyesha kwamba utumishi haukuhusika. Jaji Denning ndiye aliyesikiza nyingi za rufani hizo, na hukumu yake ya 1947 katika shauri la Miller dhidi ya Waziri wa Pensheni hutajwa hata leo katika mahakama za Kenya, kila panapoulizwa ni kiasi gani cha ushahidi kitoshacho.

Lakini askari wa Keya hakuwa chini ya kanuni zile. Yeye alihesabiwa kwa sheria za makoloni, na madai yake yalipita katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo, na ndani yake walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iliipiga ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo, walikufa 1,297. Maiti hawakuonekana, wala hapana kaburi la kuzuru. Kwa familia nyingi ushahidi uliobaki ni jina katika daftari la jeshi. Jina likikosewa herufi, mjane amekosa vyote.

Tena mwaka 1945 askari walipoachishwa, kiinua mgongo hakikuwa sawa. Mwaka 2019 waandishi wa habari walitangaza hati za zamani zilizoonyesha kwamba mzungu wa cheo kilekile, aliyetumika muda uleule, alipewa hadi mara tatu ya Mwafrika. Wengi wa waliodhulumiwa walikuwa wamekwisha kufariki.

Je, rufani huweza kufaa baada ya miaka mingi? Tuwatazame ndugu zetu wa Senegali. Ufaransa, kwa sheria ya Desemba 1959, ilianza kuzifunga pensheni za askari wa makoloni yake ya zamani zisipande, huku za Wafaransa zikiendelea kupanda. Wastaafu 743 wa Senegali walipeleka malalamiko yao kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, nayo mwaka 1989 ikasema kwamba huo ni ubaguzi. Mwaka 2001 mahakama kuu ya Ufaransa ya mashauri ya serikali ikasema vivyo hivyo katika shauri la askari Diop. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, na shauri likawafaa warithi. Twaona hapa mambo mawili: waliungana, na walikuwa na karatasi.

Siku hizi Kenya ina sheria zake. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 chasema kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa, au yaelekea kuguswa, na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya 2015 iliyotokana na kifungu hicho yafungua mlango wa mahakama, lakini yataka kwa kawaida njia za ndani za rufani zimalizwe kwanza. Mwaka 2022 ikapitishwa sheria ya maveterani wa kijeshi.

Kwa hiyo twawashauri wanachama wafuate taratibu hii. Kwanza, usikubali jibu la mdomo. Omba uamuzi na sababu zake kwa maandishi, na uandike siku ulipoupokea, maana rufani huwa na muda wake, na muda ukipita mlango hufungwa. Pili, tambua ni lipi ulilokataliwa: wamesema kwamba jeraha halikutokana na utumishi, au wamekubali lakini wamekadiria ulemavu kidogo? Haya ni maswali mawili, na kila moja lina ushahidi wake. La kwanza lataka rekodi za jeshi na mashahidi waliokuwa pamoja nawe; la pili lataka daktari. Tatu, peleka rufani kwa baraza lililotajwa na sheria kabla ya kukimbilia mahakamani. Nne, usitoe karatasi ya asili bila kubaki na nakala.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wapagazi wa 1917 walipotea kwa kukosa daftari lililoandikwa vyema. Basi twaomba mkutano mkuu ukubali kwamba Chama kiweke daftari la wanachama wote waliotumika jeshini, pamoja na namba zao za utumishi, majina kamili ya warithi, na nakala za vyeti vyao, ili mjane wa Likoni au Changamwe asije akaulizwa jina la mumewe akakosa pa kulionyesha.