Yafaayo kuzingatiwa kabla ya kumpa mwanakandarasi kazi ya nyumba

UJENZI wa nyumba ya kuishi ni mradi ambao wakazi wengi wa Manyatta, katika Kaunti ya Embu, huutekeleza mara moja tu maishani. Fedha zinazotumika huwa ni bonasi ya majani chai, malipo ya kahawa, mkopo wa chama cha akiba na mikopo au kiinua mgongo cha mtumishi aliyestaafu. Zikipotea, aghalabu hazipatikani tena.

Licha ya hayo, kazi hiyo mara nyingi hukabidhiwa mtu kwa maelewano ya mdomo tu, pengine kwa sababu alimjengea jirani au anatoka ukoo mmoja na mwenye ploti. Mambo yakienda mrama, mwenye nyumba hubaki na kuta zisizo na paa, naye fundi akawa hapatikani kwa simu.

Hasara ya fedha si hatari ya pekee. Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa lililokuwa kando ya mto mtaani Huruma, Nairobi, liliporomoka usiku wa mvua kubwa na kuwaua makumi ya wapangaji. Ilibainika baadaye kwamba jengo hilo halikuwa limeidhinishwa.

Sheria inavyosema

Shughuli za wanakandarasi nchini Kenya husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, maarufu kama NCA, iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa na mamlaka hiyo ni kosa.

Wanakandarasi wamegawanywa katika madaraja manane. Wa daraja la kwanza, NCA 1, hawana kikomo cha thamani ya kazi wanazoweza kuchukua, ilhali wa daraja la nane, NCA 8, wamewekewa kikomo cha chini kabisa. Kwa hivyo, kampuni ndogo ya daraja la chini yaweza kufaa kabisa kwa nyumba ya familia, mradi gharama isipite kikomo chake.

Usajili pia hutolewa kwa aina ya kazi. Kampuni iliyosajiliwa kwa barabara au maji haina idhini ya kujenga nyumba kwa sababu hiyo tu. Mwenye ploti anapaswa kusoma cheti chote, wala asitosheke na kuona muhuri.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni kwamba cheti cha usajili na leseni ya kufanya kazi ni vitu viwili tofauti. Leseni hufanywa upya kila mwaka. Mtu aweza kuonyesha cheti halali cha miaka mingi iliyopita ilhali leseni yake imekwisha. Jina la kampuni na nambari yake ya usajili huweza kuthibitishwa katika tovuti ya mamlaka au kwa kufika katika afisi yake. Ni huko pia ambako mwenye nyumba huelezwa iwapo mradi wake unapaswa kusajiliwa.

Kabla ya mwanakandarasi

Yapo mambo matatu ambayo hutangulia. La kwanza ni ardhi. Katika vijiji vingi vya Manyatta, shamba lingali kwa jina la babu aliyefariki, na wana na wajukuu wamegawana kwa mipaka ya miti tu. Nyumba ya mawe ikishajengwa haihamishiki, na mgawanyo wa urithi ukibadilika mahakamani, aliyejenga aweza kujikuta katika sehemu ya ndugu yake. Ni heri kukamilisha urithi na kupata hatimiliki kwanza.

La pili ni ramani. Wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi husajiliwa na bodi yao ya kitaaluma, nao wahandisi huwa na bodi yao wenyewe. Mkadiriaji majenzi huandaa orodha ya vifaa na kazi zote pamoja na bei. Bila orodha hiyo, wanakandarasi watatu wakitaja bei tatu, mwenye nyumba hawezi kujua ni nani aliye nafuu, kwa kuwa kila mmoja anazungumzia nyumba tofauti.

La tatu ni kibali cha kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakataza ustawishaji wowote bila idhini ya serikali ya kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili. Viwango vya ujenzi wenyewe sasa vimo katika Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968.

Kuchagua

Wakazi wengi huajiri fundi kwa kazi ya mkono pekee, wao wenyewe wakinunua saruji, mawe, mbao na mabati. Utaratibu huu hupunguza gharama, lakini humfanya mwenye nyumba kuwa msimamizi. Mchanga kutoka Mbeere ukifika ukiwa na udongo mwingi, au nondo zikiwa nyembamba kuliko zilivyochorwa, lawama ni zake. Kwa anayeishi Nairobi au ng'ambo na kutuma pesa nyumbani, njia hii ni ya hatari hasa.

Mwanakandarasi anayechukua kazi yote, vifaa na wafanyakazi, hudai zaidi, lakini huwajibika kwa matokeo. Kabla ya kumchagua, mwenye nyumba aombe kuonyeshwa nyumba alizojenga angalau miaka miwili iliyopita, maana nyufa na paa linalovuja hazionekani siku ya kukabidhiwa funguo. Azungumze na wenye nyumba hizo bila mwanakandarasi kuwapo.

Aulize pia kuhusu bima ya wafanyakazi. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, mwajiri ndiye anayepaswa kumfidia mfanyakazi anayeumia. Mkataba usipoonyesha ni nani mwajiri, kijana akianguka kutoka jukwaani mzozo huishia mlangoni pa mwenye nyumba.

Bei iliyo chini mno ya nyingine zote haifai kushangiliwa. Rahisi ghali, walisema wahenga. Mara nyingi tofauti hiyo hufidiwa kwa kupunguza saruji. Zege lililokubaliwa kuwa la sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto hugeuka kuwa dhaifu zaidi, na likishakauka si rahisi kwa macho kulitambua.

Mkataba na malipo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa maandishi unapaswa kutaja pande zote mbili kwa majina na nambari za vitambulisho au usajili, ramani iliyoidhinishwa, bei kamili, tarehe ya kuanza na kumaliza, na hatua itakayochukuliwa kazi ikichelewa. Vifaa vitajwe kwa ukubwa na ubora. Kuandika "mabati mazuri" ni kualika ugomvi. Unene, rangi na aina vinapaswa kuandikwa. Mabadiliko yoyote ya baadaye yatiwe sahihi pamoja na bei yake kabla ya kufanywa.

Malipo yafuate hatua za kazi: msingi, kuta hadi linta, paa, kisha umaliziaji. Kila hatua ikaguliwe na mhandisi au msanifu asiyelipwa na mwanakandarasi, na msingi ukaguliwe kabla ya kufunikwa. Ni desturi kuzuilia sehemu ya fedha, mara nyingi asilimia 5 au 10, hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Malipo yafanywe kwa benki au kwa simu ili kumbukumbu ibaki.

Mvua na mteremko

Bonasi ya majani chai hulipwa karibu na Oktoba, wakati ambapo mvua za vuli zinaanza katika miteremko ya Mlima Kenya. Kishawishi cha kuchimba msingi mara moja huwa kikubwa. Lakini mitaro iliyojaa maji hubomoka, na malori hukwama katika barabara za udongo mwekundu. Muda huo ungetumiwa vyema zaidi kwa ramani, kibali na mkataba, uchimbaji ukisubiri kiangazi cha Januari na Februari.

Katika ploti za mteremko, mwanakandarasi aeleze jinsi atakavyosawazisha ardhi. Msingi uliowekwa juu ya udongo wa kujazia hushuka upande mmoja na kupasua ukuta. Waliopakana na mito kama Rupingazi wanapaswa kuacha nafasi ya ukingo inayohitajika kisheria kabla ya kuweka hata choo.

Mzozo ukizuka

Hatua ya kwanza ni barua inayotaja kasoro na muda wa kuzirekebisha, ikiambatanishwa na picha. Malalamiko dhidi ya mwanakandarasi aliyesajiliwa yaweza kuwasilishwa kwa NCA, yenye uwezo wa kumchukulia hatua za kinidhamu. Madai ya fedha yasiyozidi Sh1 milioni huweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, ambako mlalamishi aweza kujiwakilisha bila wakili.

Katika hatua zote hizo, swali la kwanza litakuwa moja: mkataba uko wapi? Aliye nao, pamoja na risiti na ripoti za ukaguzi, ana kesi. Aliyetegemea undugu atalazimika kutafuta mashahidi.