Nani Aliichomoa Propela ya Mbele?

Historia tuliyokaririshwa shuleni ilikuwa na machifu, vita na mikataba. Sawa, ilitupa maksi. Lakini kuna historia nyingine iko uvunguni mwa magari, imepakwa grisi na matope, na hakuna mtihani unaoiuliza. Msomaji, naomba leo tuingie huko uvunguni kidogo.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, mali ya mjomba wangu wa Kisarawe. Alilinunua kwa mtu, na huyo mtu naye alilinunua kwa mtu. Kadi ilikuwapo, namba zilikuwapo. Maelezo ya lilikotoka na lilikopita, hakuna.

Mwaka 1998, mvua za El Niño zikiwa bado hazijasahaulika, mjomba aliamshwa usiku huko Maneromango. Jirani, mke wa mtu, alikuwa na uchungu wa kujifungua na mambo hayaendi. Ikaamuliwa apelekwe Tumbi, Kibaha, kwa njia ya Mzenga na Mlandizi. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Haya nimesimuliwa na mjomba mwenyewe, zaidi ya mara moja, na hasimulii kwa raha.

Kabla ya Mzenga kuna mlima, udongo wake ukilowa ni kama sabuni. Gari lilipanda nusu, nyuma kukalia "ka!" Hafu shafti imekatika. Injini inanguruma, gari halisogei. Mbaya zaidi, likaanza kurudi nyuma. Mjomba akavuta breki ya mkono, wapi! Kwenye Land Rover za aina ile breki ya mkono haikamati magurudumu. Inakamata propela, pale inapotoka giaboksi. Hafu shafti ikishakatika, unaikamata propela bure. Aliyewaokoa ni utingo, aliyeruka na jiwe akalitia nyuma ya gurudumu.

Mjomba hakutishika sana. Wazee wa kazi walikuwa na dawa yake: unakandamiza kirungu cha njano, magurudumu ya mbele yanashika kazi, unaendelea na safari yako. Akakikandamiza. Kimya. Akaingia uvunguni na tochi. Propela ya mbele haikuwapo. Mtu aliichomoa, siku nyingi, maana hata boliti hazikuwa na alama ya kung'ara.

Yule mama alibebwa kwa kitanda mpaka nyumba za jirani, akajifungulia humo mikononi mwa bibi mmoja mkunga. Mtoto alipona na mama alipona. Lakini mjomba anasema kile kirungu cha njano kilimdanganya mbele za watu, na hajakisamehe.

Sasa turudi nyuma. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Hiyo namba 109 ni inchi kutoka kitovu cha gurudumu la mbele mpaka la nyuma, kama mita 2.77. Ilikuwa gari la bwana shamba, la polisi, la misheni, la daktari. Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa ekseli ya nyuma. Hafu shafti zake zilikuwa nyembamba, upande wa difu zina meno kumi tu, na gari lenyewe lilipakiwa kama lori. Ndiyo maana dereva mwenye akili alitembea na hafu shafti ya akiba. Miaka ya 1970 kiwanda chenyewe kilikubali yaishe, kikaifungia 109 ekseli nene zaidi ya Salisbury. Lakini 109 ya mjomba ilitangulia hiyo dawa.

Kisha ikaja ile miaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Katikati tukapigana vita ya Kagera, 1978 na 1979, na mafuta yakapanda bei duniani. Fedha za kigeni zikakauka. Sabuni ilikuwa shida, sembuse difu! Mpaka mwaka 1984 ndipo serikali ikaruhusu wenye fedha zao nje waagize bidhaa. Hapo katikati magari yaliishi kwa kulana: moja likifa, viungo vyake vinahamia kwa jingine.

Kibaha ina heshima yake katika habari hii. Kulikuwa na TAMCO, kiwanda cha kuunganisha malori ya Scania; kazi hiyo ilikufa, jina likabaki kwenye eneo ambalo leo lina viwanda vingine. Na mwaka 1985 likaanzishwa shirika la Nyumbu, chini ya wizara ya ulinzi, kuunda gari la Kitanzania. Lori la Nyumbu liliundwa kweli, ingawa halikufikia kutoka kwa wingi. Hayo yana geti, kibao na faili. Upande wa pili wa barabara, chini ya mwarobaini, walikuwapo mafundi ambao hawakuwa na faili lolote, nao walikuwa wanaunda magari vilevile.

Kwa fundi wa namna hiyo, pale Maili Moja, ndipo gari la mjomba lilipovutwa. Mjomba akamweleza kila kitu. Fundi, mtu mzima, akauliza swali moja: "Mzee, barabara ya lami lilikuwa linakimbia?"

"Linakimbia sana, fundi. Ila mlimani linalia."

"Na spidomita?"

Mjomba akacheka. Spidomita ilikuwa ikisema 60 huku akiyapita magari yaliyo kwenye 80. Siku zote alidhani imekufa.

Fundi akafunga hafu shafti mpya kwanza. Akatia mawe magurudumu matatu, akapiga jeki moja la nyuma, breki ya mkono chini, gia huru. Akachora alama kwa chaki kwenye tairi na kwenye propela. Akazungusha tairi raundi mbili kamili, mjomba akihesabu propela. Difu ya asili ya gari lile ni 4.7 kwa 1: propela ingezunguka karibu mara tano. Ilizunguka mara tatu na nusu tu.

"Hii difu ya Range Rover," fundi akasema. "Inaingia humu bila kuchonga kitu. Kwa nje huwezi kuijua."

Hapo kitendawili kikateguka. Difu ya Range Rover ni 3.54. Zilihitajika mbili, mbele na nyuma, na aliyefunga aliipata moja. Ukiziunganisha zote kwa kirungu cha njano, nyuma ikitaka kwenda mita 100, mbele inataka mita 75. Kwenye ardhi ngumu lazima kitu kivunjike. Kwa hiyo fundi asiyejulikana aliichomoa propela ya mbele makusudi. Aliinusuru giaboksi. Alijua alichokuwa anafanya, bwana! Kosa lake ni moja: hakumwachia mtu neno. Elimu yake ikaondoka naye, nusura iondoke na mama mjamzito kule mlimani.

Ndugu yangu unayetaka kuwa mwandishi, usiniambie huna cha kuandika. Tunalalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wageni, huku wazee walioyaweka magari barabarani miaka ya dhiki wanazikwa mmoja mmoja, na sisi tuko kijiweni tunatafuta mada. Nenda gereji. Amkia, kaa kwenye tairi bovu, uliza: hiki kilitoka wapi, nani alikifunga, kwa nini?

Mjomba alipata difu ya 4.7 Gerezani, na propela ya mbele ikarudishwa mahali pake. Kisha akanunua daftari la shule, akamwomba fundi aandike mwenyewe. Limo mpaka leo chini ya kiti cha dereva, limelowa mafuta pembeni. Ukurasa wa kwanza una tarehe, saini, na maneno haya: difu zote mbili sawa, propela ya mbele ipo, kirungu cha njano kinafanya kazi.